Akufaaye kwa Dhiki: Wema Si Utamu wa Mdomo



Ndugu zangu wapendwa katika Kristo, tafakari ya juma hili naianza kwa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Misa katika kigango kimojawapo upande wa Handeni, mama mmoja mjane alinisubiri chini ya mti mpaka watu wote walipokwisha kunisalimu. Shemeji yake alikuwa akimmegea shamba. Mumewe alipokuwa hai mpaka ulijulikana: ni safu ya mikonge iliyopandwa na baba mkwe. Mume alipofariki, mikonge ikaanza kutembea. Kila msimu wa kulima iling'olewa na kupandwa tena hatua chache ndani ya shamba la yule mama. Nilimsikiliza kwa uso wa huruma, nikamshika mkono, nikamwambia: "Pole sana, mama. Tuko pamoja nawe katika sala." Akanijibu kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Asante, Baba. Jumuiya nzima iko pamoja nami. Lakini shamba linazidi kupungua."

Jambo ambalo sikumwambia ni hili: nilikuwa nimekwisha kulisikia suala lake, na wanajumuiya wote walilijua. Lakini yule shemeji alikuwa mtu wa kutoa. Ndiye aliyeahidi mabati ya kigango. Tulimchekea, tukampa kiti cha mbele, tukamsifu kwenye harambee. Mjane tulimpa pole, shemeji tukampa makofi, na kila mmoja wetu akarudi nyumbani akijiona mtu mwema. Mimi nami nilipanda pikipiki kurudi parokiani nikijipongeza kwamba nimekuwa mpole kwa wote wawili. Ndugu zangu, ule haukuwa upole. Ulikuwa woga uliovaa kanzu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo nataka tulibebe pamoja: je, sisi Wakristo wa Handeni na Korogwe ni watu wema, au ni watu wenye midomo mitamu tu?

Wema ni kufaa

Mtume Paulo anapoyataja matunda ya Roho Mtakatifu (Gal 5:22), moja analiita kwa Kigiriki *chrestotes*. Tafsiri yetu ya zamani ya Kiswahili ililiita utu wema. Neno hilo lina undugu na kitenzi chenye maana ya kutumia, na kivumishi chake, *chrestos*, hueleza kitu kinachofaa kwa kazi yake. Mwinjili Luka analitumia kwa divai ya kale iliyokomaa (Lk 5:39). Mathayo analitumia kwa nira ya Bwana, ile isiyomchubua anayeivaa (Mt 11:30). Kwa hiyo, kwa asili ya neno lenyewe, mtu mwema ni mtu anayefaa.

Wahenga wetu, bila kusoma Kigiriki, walifika palepale. Walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema akuchekeaye kwa dhiki, wala akupaye pole kwa dhiki. Walipima urafiki kwa kufaa. Na kwa yule mwenye sifa za uongo walikuwa na jina lake kamili: wakasema anamvika mwenzake kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani. Asubuhi unapendeza kichwani, jioni umekauka, na aliyevikwa amebaki kichekesho.

Naomba nieleweke vizuri. Sipigi vita adabu. Nenda stendi ya Korogwe wakati basi linasimama, uone wachuuzi wanavyokimbilia madirishani. Kila abiria anaitwa mama, kaka, mjomba, bosi. Pale hakuna aliyedanganywa: muuzaji anataka kuuza, abiria anataka kununua, na lugha nzuri inalainisha biashara. Salamu zetu ndefu, za kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mvua, ni urithi wa thamani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anafundisha katika *Summa* yake (sehemu ya pili ya pili, swali la 114) kwamba uchangamfu kwa watu ni fadhila, na anauweka karibu na haki, maana tunadaiana kuishi pamoja kwa namna ya kupendeza. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka *Fratelli Tutti* wa mwaka 2020, alitukumbusha kwamba wema wa lugha na wa tabia si pambo la watu wenye nafasi. Unaponya ukatili wa maisha ya siku hizi.

Lakini Mtakatifu Thoma haishii hapo. Anasema kuna wakati ambapo manufaa ya jirani yanatudai tusiogope kumhuzunisha. Na swali linalofuata mara moja, la 115, linahusu kujipendekeza na sifa za uongo, naye analiweka katika orodha ya dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2480) inafundisha vivyo hivyo: kumsifu au kumridhia mtu kwa namna inayomthibitisha katika uovu wake ni kosa, na uzito wake unaongezeka tunapokuwa washiriki wa uovu huo. Basi tulipompigia makofi mtu aliyekuwa akihamisha mikonge, hatukuwa watazamaji. Tulishika jembe pamoja naye.

Utamu wa mdomo unamnufaisha nani?

Njia nyepesi ya kutofautisha mambo haya mawili ni kuuliza nani anapata faida. Wema wa kweli unamgharimu mtendaji na kumnufaisha mtendewa. Utamu wa mdomo ni kinyume chake: haumgharimu msemaji kitu, naye ndiye anayeondoka na faida. Anapata sifa ya upole, anapata usingizi, anabaki rafiki wa kila mtu. Mwenye shida anabaki pale alipokuwa, tena na mzigo mmoja zaidi, kwa sababu sasa analazimika kushukuru.

Mtakatifu Yakobo alimjua mtu wa namna hii. Anamweleza akimwona ndugu hana nguo wala chakula cha siku, akamuaga kwa maneno ya heri na kumtakia ashibe na kupata joto, huku mkono haukutoa kitu (Yak 2:15-16). Angalieni kwamba maneno ya mtu huyo si mabaya. Ni maneno mazuri kabisa, na ndiyo hatari yake. Tusi lingemwonyesha mhitaji kwamba atafute msaada pengine. Maneno matamu yanamkalisha akisubiri.

Sasa mtazameni Msamaria (Lk 10:25-37). Injili haitaji neno lolote tamu alilomwambia yule majeruhi. Inataja kazi. Alikaribia, akafunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Tena, mafuta yanalainisha kidonda lakini divai inawasha. Msamaria alitia vyote viwili. Sisi tunapenda kutia mafuta peke yake, kisha tunashangaa kidonda kinapooza.

Sisi tunaoishi kandokando ya barabara kuu ya Korogwe tunalielewa fumbo hili bila mwalimu. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza, lori liligongana na basi dogo lililobeba waombolezaji waliokuwa wakisindikiza mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha. Usiku kama ule majeruhi hahitaji mwenye lugha nzuri. Anahitaji mwenye mikono, mwenye taa, mwenye gari. Kwa nini basi tunadhani kwamba mjane, yatima au kijana aliyezama katika ulevi, ambaye naye amelala kandokando ya njia, anahitaji maneno tu?

Historia ya Uzigua inatushuhudia

Kama mtu anadhani napiga kelele kwa jambo dogo, na aikumbuke historia ya nchi hii tunayolima. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Wazee waliiita Kidyakingo, kwa kuwa watu walifika kula ngozi. Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta nafaka, na wengi wao hawakurudi. Walivushwa bahari hadi Somalia, wakawa watumwa. Masimulizi yaliyotunzwa na wajukuu wao huko, kandokando ya mto Juba, yanasema kwamba baadhi yao hawakukamatwa kwa mapanga. Walichukuliwa kwa maneno mazuri: waliahidiwa kazi, chakula, na kurudi nyumbani baadaye. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni; siku zile yalimtoa mwenye njaa katika nchi yake.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, sehemu ya wajukuu hao walikimbia kwa njia ya bahari wakafika Tanzania, wakiwa bado wanasema Kizigua. Waliwekwa Mkuyu, hapahapa Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo. Walipata ardhi ya kulima. Kufikia mwaka 2009 mamia yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Wengi wa watu hawa ni Waislamu, na jambo hilo halipunguzi hata chembe moja ya ninachosema. Msamaria wa Injili naye hakuwa wa dhehebu la yule aliyemwokoa. Sisemi kwamba kila mmoja alipokelewa vizuri na kila jirani. Nasema kwamba aliyechukuliwa kwa ahadi tamu alirudishiwa nyumbani kwa kipande cha ardhi na hati ya uraia. Hicho ndicho kipimo. Wema unaweza kuonyeshwa kwa kidole: shamba hili hapa, karatasi hii hapa.

Kwa kipimo hichohicho tujipime leo. Tangu Juni 2022, Handeni imepokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro na kuletwa kijiji cha Msomera. Zimekuwapo hotuba na nderemo, na yamekuwapo pia malalamiko ya wenyeji waliokuwa wakitumia ardhi ile kabla. Sherehe ya mapokezi ni ya siku moja, ujirani ni wa miaka. Kumpokea mgeni kwa nyimbo na kunyamazia swali la shamba ni kumkosea mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja, maana wote wawili wanaachwa wagombane baada ya wenye hotuba kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ili umpe jembe lazima kwanza ijulikane wazi, bila tabasamu la kufunika, atalima wapi na ni haki ya nani. Mkristo wa Handeni anayempenda Mmasai aliyehamia na Mzigua aliyemkuta atadai swali hilo lijibiwe kwa haki, hata kama mkutanoni litaharibu hali ya hewa.

"Lakini Baba, tutavunja amani"

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nami nimeyatumia.

La kwanza: Bwana amesema tusihukumu. Ni kweli. Lakini ni Bwana huyohuyo aliyetuagiza kumwendea ndugu aliyekosa, kwanza peke yetu, kisha na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya Kanisa (Mt 18:15-17). Kuwaonya wakosefu ni mojawapo ya matendo 7 ya huruma ya kiroho, sawa na kufariji wenye huzuni. Hatukupewa ruhusa ya kuchagua lile linalopendeza na kuacha lile linalotutoa jasho. Na yule kijana tajiri? Marko anasema Yesu alimtazama akampenda, na mara akamwambia jambo lililomfanya aondoke kwa huzuni (Mk 10:21-22). Upendo na neno gumu vilitoka katika mtazamo mmoja.

La pili: tutavunja amani ya jumuiya. Amani ipi? Paulo alimkabili Petro waziwazi kule Antiokia, Petro alipoanza kuwakwepa Wakristo wa mataifa mezani kwa kuogopa watu (Gal 2:11-14). Kanisa halikuvunjika, lilipona. Mwaka 390, baada ya askari wa kaisari Theodosi kuwaua watu wengi wa Thesalonike, Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia barua ya siri, ya heshima, iliyokataa kabisa kumpa Sakramenti kabla ya toba. Kaisari alifanya toba hadharani. Wapole wa ikulu, waliomwinamia kila asubuhi, hawakumsaidia kuiokoa roho yake. Na hapa kwetu, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu *Tujisahihishe*, akitukumbusha kwamba ukweli hautazami ukubwa wala udogo wa mtu. Jumuiya isiyoweza kuambiana ukweli haina amani. Ina ukimya tu, na ukimya huo unalipiwa na mnyonge.

La tatu, na hili ndilo la kweli kuliko yote, ingawa hulisemi kwa sauti: huyu ni mfadhili wetu. Ndugu zangu, ukicheka na nyani utavuna mabua. Sisi wakulima wa mahindi hatuhitaji kufasiriwa.

Hata hivyo natoa tahadhari kwa ndugu ambao hadi hapa wanatikisa kichwa kwa furaha. Kuna watu wanaojisifu kwamba wao husema ukweli tu, kumbe wanapenda kuumiza. Ukali si ushahidi wa wema. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika *Caritas in Veritate* (2009), alionya kwamba upendo usio na ukweli unageuka kuwa hisia tupu. Nasi tuongeze kwamba ukweli usio na upendo unageuka kuwa fimbo. Angalieni utani wetu. Mtani anafika msibani, anamcheka marehemu, anawadhihaki wafiwa, na huku analeta maji, anachimba kaburi, anapika. Mdomo wake ni mkali na mikono yake ni ya ndugu, ndiyo maana hakuna anayekasirika. Ukitaka kusema neno gumu, kwanza shika jembe la kuchimbia. Kama hauko tayari kumfanyia kazi yule unayemwonya, nyamaza kwanza, ukasali.

Mwisho wa habari ya mikonge

Nilirudi kwa yule mama, nikiwa nimechelewa kwa msimu mzima. Nilimwomba radhi. Kisha nilikwenda kwa shemeji yake, peke yangu, kama Injili inavyoagiza, nikamweleza nilichokijua. Alinikaribisha vizuri, akakana kila kitu. Nikarudi na wazee wawili. Akakasirika.

Ndipo tukafanya lile ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Mwenyekiti wa jumuiya pamoja na akina mama wawili walifuatana na mjane hadi Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo, kwa mujibu wa sheria, lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke katika ardhi sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mama hakulijua jambo hilo. Sisi tuliosoma tulilijua, tukampa pole. Wazee wawili walioshuhudia upandaji wa kwanza walikubali kusema mbele ya watu, ingawa mmoja wao alikuwa akilima kibarua kwa yule shemeji na alijua atapoteza kazi. Walitembea shambani, wakaonyesha visiki vya mikonge ya zamani, bado vimo ardhini. Mpaka ukarudi.

Mabati hayakuja. Kigango kilikaa bila paa la upande mmoja kwa masika yote, tukaadhimisha Misa tumesongamana upande mkavu. Yule ndugu hajarudi katika jumuiya. Tukikutana njiani ananisalimu kwa mbali. Namwombea, na mlango wangu uko wazi kwake, kwa sababu yeye naye tulimkosea: kwa miaka tulimchekea akizama, tukaita kumchekea huko heshima. Yule mzee aliyepoteza kibarua ndiye nikimfikiria ninapoisoma habari ya dinari mbili. Hajui kuongea vizuri. Hata salamu yake ni ya mkato.

Juma hili, kabla ya kumwambia mtu "tuko pamoja", nakuombeni kila mmoja ajiulize mambo matatu. Je, neno hili litanigharimu nini? Mwenzangu akiondoka hapa, atakuwa na kitu gani ambacho hakuwa nacho? Na je, kuna ukweli ninaouficha kwa sababu ninaogopa kupoteza kiti, mchango au sifa? Katika mkutano wa jumuiya, badala ya kumaliza habari ya mgonjwa au mjane kwa sala peke yake, iandikwe ni nani atakwenda, siku gani, na atafanya nini. Sala itangulie, miguu ifuate.

Bwana wetu msalabani hakutupa pole. Alijitoa mwenyewe. Atujalie sisi wanawe wa Handeni na Korogwe midomo yenye adabu, lakini zaidi ya hapo mikono inayofaa.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko wenu